Frigo ya depo: kongelateri inagandisha, chini inapata joto. Namna ya kutafuta kosa mbele ya kupoteza chanjo



Maziwa yakiharibika ndani ya frigo, kila mutu anajua. Yananuka, yanakatika, na mutoto mwenyewe anayakataa. Lakini chanjo ya kuku ikiharibika, hakuna kinachoonekana. Kichupa kinabaki vile kilikuwa, rangi haibadiliki, na tarehe ya mwisho iko bado mbele. Munachanja kuku za kijiji kizima, kiisha Newcastle inaingia na kuku zinakufa sawa vile hazikuchanjwa. Watu wanasema chanjo ya koperative ni ya uongo. Mwaka unaofuata hakuna mutu anayeleta kuku yake tena. Mara nyingi chanjo ilikuwa nzuri, lakini frigo njo ilikuwa mugonjwa na hakuna aliyejua.

Njo maana katika namba hii tunaacha kidogo mambo ya shamba na tunazungumza juu ya frigo. Tutaangalia kosa moja tu, lile ambalo linadanganya watu zaidi: kongelateri ya juu inaendelea kugandisha, lakini sehemu ya chini, pale tunaweka chanjo, maziwa na mboga, inapata joto pole pole. Watu wengi wakiona vile wanasema gazi imekwisha, wanaita fundi, fundi anaweka gazi, wanalipa, na kiisha wiki moja ao mbili kosa linarudi. Mara nyingi gazi haikukosekana. Ni mashini ya kuyeyusha barafu njo haifanyi kazi.

Kosa hili munaweza kulitafuta wenyewe ku nyumba ao ku depo. Kazi nyingi haiombi vyombo. Inaomba macho, masikio na uvumilivu wa siku moja.

Mujue kwanza frigo yenu ni ya aina gani

Kuna frigo ambayo barafu inaonekana ndani. Mukifungua kongelateri munaona barafu nyeupe imeshika ku ukuta. Hiyo haina mashini ya kuyeyusha barafu kwa kongelateri. Wenye nyumba njo wanaizima na kuiyeyusha kwa mukono, kila wakati barafu inapita unene wa kidole kidogo. Frigo za petroli ao za gazi ya kupikia, ambazo zingali mu vituo vingine vya afya, nazo ni vile. Kama yenu ni ya aina hii na haibaridishi muzuri, muyeyushe barafu yote kwanza, kiisha muangalie mupira wa mulango.

Aina ya pili ni ile inaandikwa "No Frost" ku mulango. Kwa hiyo, ndani ya kongelateri ukuta unabaki safi, na unasikia upepo ukipiga. Makala hii ni juu ya aina hii. Siku hizi inauzwa sana Goma, Bukavu na Butembo, mupya ao okazioni, na njo koperative nyingi zinanunua.

Namna inafanya kazi

Nyuma ya ukuta wa ndani wa kongelateri kuna bomba jembamba la alumini lenye vibati vingi vilivyokaribiana kama kurasa za kitabu. Tunaiita evaporateri. Baridi yote ya frigo inatoka pale. Ventilateri ndogo inavuta hewa, inaipitisha katikati ya vibati, kiisha inaituma mu kongelateri, na sehemu kidogo inashuka chini kupitia tundu.

Kila mara munafungua mulango, hewa yenye unyevu inaingia. Unyevu ule unashika ku vibati na kuwa barafu nyeupe kama unga wa muhogo. Kama hakuna kinachoiyeyusha, barafu inajaza nafasi za katikati ya vibati mupaka hewa haipiti tena. Baridi inabaki imefungwa nyuma ya ukuta. Kongelateri, juu iko karibu, inaendelea kugandisha siku chache. Chini, pale hewa inapaswa kusafiri kufika, joto linapanda.

Ili kuzuia ile, frigo iko na vyombo vinne:

1. Minuteri, ni sawa saa ndogo. Kwa frigo nyingi, kila mara kompreseri imefanya kazi saa 6 mupaka 12, minuteri inaizima na kutuma umeme ku rezistansi kwa dakika 20 mupaka 30 hivi. Kwa frigo za kisasa, kazi hii inafanywa na karte ya elektroniki.

2. Rezistansi, ni waya wa kutoa joto uliowekwa chini ya evaporateri. Inayeyusha barafu.

3. Bimetali, ni kidude kidogo cha mviringo kilichofungwa ku bomba. Kikiwa mu baridi kali kinaruhusu umeme kupita. Joto likipanda kupita kidogo kiwango cha kuyeyusha barafu, kinakata. Pembeni yake mara nyingi kuna fuzi ya joto, ambayo inakatika kabisa kama rezistansi imepata moto wa kupita kiasi.

4. Mufereji na tundu la kutoa maji. Maji ya barafu yanashuka na bomba mupaka ku sahani iliyo juu ya kompreseri, na pale joto la kompreseri linayakausha.

Kimoja tu cha hivi kikikufa, barafu inajaa. Ila minuteri inaweza pia kukwama kwa upande mwingine: inabaki ku nafasi ya kuyeyusha, kompreseri haiamuki tena, na frigo yote inapata joto, juu na chini.

Alama ambazo zinaonyesha kosa

Musikimbilie kufungua kitu. Mwangalie kwanza alama hizi:

– Kongelateri ingali inagandisha, lakini chini termometa inaonyesha 10 ao 12, na maziwa hayakai siku mbili.
– Kompreseri haipumziki. Usiku mukiamuka mungali munaisikia.
– Upepo wa kongelateri umekuwa mudogo, ao unasikia ventilateri inakwaruza: majani yake yanagusa barafu.
– Barafu imeanza kutokea ku ukuta wa nyuma wa kongelateri, pale kwa desturi ni safi.

Kama kunapatikana maji chini ya sanduku ya mboga ao kipande cha barafu kigumu kama kioo chini ya kongelateri, lakini baridi ni ya kutosha, basi rezistansi inafanya kazi. Tundu la maji njo limeziba.

Muokoe chanjo kwanza

Chanjo nyingi za mifugo zinaombwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Mukiona alama hizo, musingojee kujua kosa ni nini. Mutoe chanjo siku ile ile, muipeleke ku frigo ingine inayojulikana ni nzuri: ya kituo cha afya, ya veterineri ao ya koperative jirani. Kama iko mbali, mutumie glasieri yenye vipande vya barafu. Mufunge barafu ndani ya kitambaa ao karatasi ngumu, vichupa visiiguse. Chanjo zingine za maji, hasa zile zilizochanganywa na mafuta ao alumini, zikigandisha zimekufa, hata zikiyeyuka baadaye.

Muandike mu daftari: siku gani mulitambua joto, termometa ilionyesha ngapi, mara ya mwisho ilikuwa muzuri ni lini. Kiisha mumuonyeshe veterineri, yeye njo ataamua kama chanjo inatumika. Kuna aina zinazovumilia joto zaidi, mufano ile ya Newcastle inayoitwa I-2, lakini uvumilivu uko na mupaka, na mupaka ule unaandikwa ku karatasi ya chanjo. Musiamue kwa kuangalia rangi ya kichupa.

Kwa maziwa, kipimo kizuri ni digrii 4 ao chini yake. Yale yaliyokaa mu frigo ya digrii 12 muda murefu, musiyachanganye na ya wanamemba wengine. Bidoni moja inaweza kuharibu kazi ya asubui nzima.

Hatua ya kwanza: mulango

Mutie noti ya franga ao kipande cha karatasi kati ya mulango na frigo, mufunge, kiisha muvute. Ikitoka bila kushikwa, mupira haufungi pale. Mufanye vile kuzunguka mulango wote, juu, chini na pembeni. Mupira muchafu muusafishe na maji ya vuguvugu na sabuni. Uliojikunja muulainishe kwa kitambaa cha maji ya moto na kuunyoosha. Mupira unaopitisha hewa unaleta barafu kupita nguvu ya rezistansi, hata kama vyombo vyote ni vizima. Mwangalie tena kama frigo haikuegemea mbele. Ikiegemea kidogo nyuma, mulango unajifunga wenyewe.

Hatua ya pili: mujaribu minuteri wakati barafu ingali

Hapa watu wengi wanakosea utaratibu. Wanayeyusha barafu yote, kiisha wanajaribu rezistansi. Haiwaki, wanasema imekufa. Bimetali inapitisha umeme wakati iko mu baridi kali tu. Barafu ikiisha na ukuta ukipata joto, imekata, na rezistansi nzuri kabisa haitawaka. Kwa hiyo jaribio hili linafanywa mbele ya kuyeyusha.

Mutafute minuteri. Ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye tundu ao kichwa cha kugeuza na turnevisi. Mara inakuwa nyuma karibu na kompreseri, mara ndani ya frigo pamoja na butoni ya baridi. Mutoe fishi ku prizi. Mugeuze kichwa kile pole pole, kwa upande saa inazunguka, mupaka musikie "ta!" Mupige fishi tena na musikilize.

Kompreseri ikinyamaza, na kiisha dakika tano mupaka kumi mukasikia maji yanadondoka ao yanalia juu ya kitu cha moto nyuma ya ukuta, rezistansi na bimetali ni nzima. Minuteri njo haikuwa inazunguka yenyewe.

Kompreseri ikinyamaza lakini hakuna tone, kosa liko ku rezistansi, bimetali, fuzi ya joto ao waya.

Kompreseri ikiendelea kulia, pengine hamukugeuza ya kutosha. Mutoe fishi na mugeuze tena. Mungojee dakika tano mbele ya kurudisha umeme kila mara, ili kompreseri isiamuke na nguvu ingali imefungwa ndani yake.

Kama mulisikia maji, muache saa moja. Kompreseri inapaswa kuamuka yenyewe. Isipoamuka, minuteri imekwama.

Frigo yenye karte ya elektroniki haina kichwa cha kugeuza. Kwa hiyo mupite hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mufungue ukuta, musome barafu

Mutoe fishi. Kwa kazi yote inayofuata fishi inabaki nje, na mutu mumoja anaishika mu mukono ao inafungwa pale wote wanaiona. Mutoe vyakula. Mutie sufuria ya maji ya moto ndani ya kongelateri, juu ya kitambaa, mufunge mulango nusu saa ili plastiki ya ukuta iachane na barafu. Kiisha mufungue visi na kuvuta ukuta pole pole. Ukikataa, murudishe sufuria. Plastiki yenye baridi inavunjika bure.

Ile munaona pale inaeleza mambo mengi kuliko fundi wa haraka:

– Evaporateri yote imefunikwa na barafu nyeupe nzito, juu mupaka chini: mashini ya kuyeyusha haifanyi kazi. Gazi iko.
– Barafu iko ku kona moja tu, ku mwanzo wa bomba, na sehemu ingine ni kavu: gazi imepunguka ao bomba imeziba ndani. Hiyo ni kazi ya fundi wa frigo.
– Hakuna barafu hata kidogo, na kompreseri inalia: gazi imekwisha ao kompreseri haisukumi tena.
– Vibati ni safi lakini chini kuna barafu ngumu kama kioo: tundu la maji limeziba.

Mutu akija kuwaambia ni gazi, mumuombe awaonyeshe evaporateri. Kama ni nyeupe yote, musilipe gazi.

Kwa tundu lililoziba, mutumie seringi kubwa mupya, isiyokwisha kutumiwa kwa dawa. Musukume maji ya vuguvugu ndani ya tundu mara nyingi, mupaka muyasikie yakianguka ku sahani ya nyuma. Uchafu wa maziwa na majani ya mboga njo unaziba pale.

Kwa barafu ya vibati, muache milango wazi, fishi nje, siku nzima na usiku wake. Mutandike vitambaa chini, juu maji ni mingi. Musiharakishe.

Jaribio la uhakika bila multimeta

Koperative ambayo haina multimeta iko na njia ingine. Barafu ikiisha kabisa, murudishe ukuta, mupige fishi, mutie termometa ndani ya glasi ya maji katikati ya frigo, na muandike kila asubui na kila magaribi.

Kama frigo inafanya kazi muzuri kabisa siku kadhaa, ao wiki moja mupaka mbili, kiisha joto linapanda tena pole pole, ni mashini ya kuyeyusha. Kama haibaridishi hata siku ya kwanza baada ya kuyeyusha, kosa ni lingine: ventilateri, gazi ao kompreseri.

Mwangalifu na butoni ya baridi. Wakati frigo ilikuwa mugonjwa, watu waliigeuza mupaka mwisho wakifikiri itasaidia. Barafu ikiyeyuka, upepo unarudi na nguvu zote na chini inashuka chini ya 0. Kiisha mukirudisha chanjo, inagandisha. Mbele ya kuwasha, murudishe butoni katikati, na chanjo isirudi mbele ya termometa kukaa kati ya 2 na 8 siku mbili zenye kufuatana.

Kupima vyombo na multimeta

Kijana aliyesoma umeme kidogo anaweza kufanya hii, fishi ikiwa nje. Achomoe waya za chombo mbele ya kupima.

Rezistansi. Ku chombo ao ku karatasi ya nyuma ya frigo mara nyingi kunaandikwa wati. Kwa umeme wa volti 220, mugawanye 48 400 kwa wati, mutapata omu ambazo multimeta inapaswa kuonyesha. Mufano: wati 150 inapaswa kutoa karibu omu 323; wati 200 karibu omu 242. Tofauti kidogo haina shida. Multimeta ikikataa kusoma kabisa, waya wa ndani umekatika.

Bimetali. Mukiipima juu ya meza inaonekana imekata, na wengi wanaitupa na kununua ingine bure. Muifunge ndani ya sashe, muitie saa moja ndani ya kongelateri inayogandisha muzuri, kiisha mupime papo hapo. Inapaswa kuonyesha karibu 0. Muishike mu mukono mupaka ipate joto: inapaswa kukata. Ikikataa kupitisha ikiwa mu baridi, imekufa. Ikipitisha hata mu joto, ni hatari zaidi, juu haitazima rezistansi.

Fuzi ya joto. Inapaswa kuonyesha karibu 0 saa zote, baridi ao joto. Ikikatika, mutafute sababu mbele ya kubadilisha. Mara nyingi bimetali ilibaki imefunga na rezistansi ikapata moto sana.

Kama vyote vitatu ni vizima na frigo ni ya elektroniki, imebaki sonda ya joto ao karte yenyewe. Pale mwite fundi, lakini mumuambie vile mulikwisha kupima. Hatawauzia rezistansi ambayo hamuna haja nayo.

Umeme muzaifu unaweza kufanana na kosa

Kwetu kuna jambo ambalo kitabu cha frigo hakisemi sana. Ku mwisho wa laini, ao magaribi wakati kila nyumba inawasha, volti zinaanguka. Nguvu ya rezistansi haishuki sawasawa na volti, inashuka mbio zaidi. Rezistansi ya wati 150 ku volti 220, ikipata volti 160 inatoa karibu wati 79 tu, nusu hivi. Dakika zake zinaisha barafu ingali. Mara inayofuata barafu mupya inakaa juu ya ile ya zamani. Vyombo vyote ni vizima, lakini frigo inajaa.

Kompreseri nayo inateswa na volti ndogo: inalia bila kuamuka, inapata moto na inaweza kuungua. Kwa hiyo stabilizateri yenye nguvu ya kutosha inalinda vyote viwili.

Kukatika kwa umeme ni jambo lingine. Minuteri ya zamani inahesabu saa za kazi tu. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilifikia. Lakini karte zingine za elektroniki zinaanza hesabu upya kila umeme unarudi. Pale umeme unakatika mara nyingi kwa siku, frigo ya namna hiyo inaweza kukosa zamu yake ya kuyeyusha. Kama vyombo vyote ni vizima na barafu inarudi, mufikirie jambo hili mbele ya kununua karte mupya.

Mambo ambayo hayafai hata kidogo

Musikwangue barafu na kisu, turnevisi ao panga. Bomba la alumini ni jembamba. Mukilitoboa gazi inatoka, na kutengeneza pale ni bei kubwa.

Musitie makala ya moto, mushumaa ao lampe ndani ya frigo ili kuharakisha. Mwangalie karatasi ya nyuma: kama kunaandikwa R600a, gazi yake inashika moto sawa gazi ya kupikia. R134a haishiki moto vile, lakini hata kwa hiyo moto unayeyusha plastiki.

Musikubali fundi aunge waya moja kwa moja bila bimetali ao bila fuzi. Siku ya kwanza frigo itaonekana imepona. Lakini hakuna tena kinachozuia rezistansi ikipata moto, na depo yenu inaweza kuungua usiku.

Musiguse waya ya ndani na mikono ya maji, wala kupima kitu chochote fishi ikiwa ku prizi.

Wakati munangojea chombo

Chombo kinaweza kukawia kufika kutoka muji. Mungali munaweza kutumia frigo kwa maziwa na mboga mukiiyeyusha kwa mukono. Mwangalie mu daftari siku ngapi inakaa muzuri mbele ya joto kupanda, kiisha muiyeyushe siku mbili tatu mbele ya siku ile. Mupange ifuatane na siku ya soko, wakati frigo iko tupu. Lakini chanjo isirudi ndani mupaka mashini itengenezwe.

Mukituma mutu kununua, abebe chombo cha zamani. Kwa rezistansi alinganishe volti, wati na urefu. Kwa bimetali alinganishe digrii zinazoandikwa juu yake. Kwa minuteri aangalie hesabu ya saa na mupango wa waya, juu minuteri mbili zinaweza kufanana kwa sura lakini waya za ndani zimepangwa tofauti. Picha ya karatasi ya nyuma ya frigo, iliyopigwa na telefone, inasaidia muuzaji sana.

Mumoja ashike daftari

Frigo ya watu wote bila mwenye kuichunga inaharibika bila mutu kujua. Muchague mwanamemba mumoja na musaidizi wake. Kazi yao ni kusoma termometa mara mbili kwa siku, kuandika, kusafisha mupira na tundu la maji kila mwezi, na kusimamisha kugawa chanjo siku ile joto linapita 8 ao linashuka chini ya 2. Kikao kiwape ruhusa ya kusimamisha bila kungojea prezida arudi safari. Termometa na daftari ni bei kidogo kuliko kuku za kijiji kimoja.

Maulizo ya kuzungumza katika kikao

1. Frigo yetu ni ya No Frost ao ya kuyeyusha na mukono? Nani anajua?
2. Leo asubui termometa ilionyesha ngapi? Kama hakuna termometa, tutainunua na franga gani?
3. Chanjo iliyo ndani sasa, iliwahi kupata joto? Nani anaweza kutuonyesha kwa maandiko?
4. Frigo ikiharibika usiku, tutapeleka chanjo ku nani, na glasieri iko wapi?